Nyumba Asimoingia Mwanaume

Kasenga, 16 Oktoba 1955

Kwa yaya wangu Olipa,

Dada yangu mukubwa, pokea salamu nyingi kutoka upande huu wa maji. Mimi ni muzima, isipokuwa mafua ya vumbi la Oktoba. Ninaomba Mungu wewe, shemeki Davison na Febby muwe wazima pale Nchelenge, na paa la jiko lisiwe limewaangukia, maana nilisema mwaka jana na hakuna aliyenisikia.

Yaya, nimepata kazi. Usipige kelele mbele ya watu. Ni kazi ya kweli, si ile ya kuhesabu masanduku ya barafu kwa Mugiriki. Iko kompani moja ya migodi huku Katanga. Wanachimba jiwe, wanalisaga, wanatoa kile wanachokitaka, na kinachobaki ni matope laini ya kijivu. Matope hayo hayana faida tena, lakini ndani yake kimebaki kitu ambacho hakionekani wala hakina harufu. Wanayatia katika mapipa ya chuma na wanataka kuyazika mbali, katika shimo la zamani upande wa Pweto. Swali ni kama yanaweza kupita majini salama: Kasenga, muto Luapula, halafu ziwa letu lote mpaka juu. Muzungu ametumwa kulipima swali hilo. Tunamuita Bwana Miwani. Mimi ni musaidizi wake.

Nabeba kisanduku kinacholia. Mbali na mapipa kinalia tik, halafu kinanyamaza, halafu tik. Ukikaribia kinalia kama mvua juu ya bati. Mimi nasoma namba, naandika katika kaye, daftari ya kazi: pale wanapolala mabaharia, ngapi, pale panapowekwa samaki, ngapi. Mwisho Bwana ataandika rapore, ripoti ya safari, na wakubwa watajua kama njia ya ziwa ni salama au hapana.

Ili mabaharia wasipate shida, kila pipa tumelivika koti la risasi, ile chuma laini nzito ambayo unaweza kuikunja kwa mukono. Makombo yaliyobaki Bwana ameniachia. Ninamupa Kingsley wa mashua ya samaki awaletee. Ninyi bado munafungia nyavu vidongo vya kuchoma ili zizame, mimi nawaonea huruma. Mwambie shemeki kila pipa limevaa zaidi ya kilo arobaini ya risasi kama hiyo. Atalia.

Mudogo wako,
Mwaba

*

Nchelenge, 9 Novemba 1955

Mudogo wangu Mwaba,

Salamu yako imefika, na mafua yako nimeyasikia mpaka huku. Sisi tuko wazima. Paa halijaanguka. Likianguka nitakuandikia ili ufurahi.

Risasi imefika nayo. Ulisema Davison atalia, kweli alikaa chini na ile mifuko miwili kwenye mapaja kama mutu amepewa mapacha. Tunakata vipande, tunazungusha kwenye kamba ya chini ya wavu, tunafunga kwa meno. Mimi na bamama ba jirani tumeuma siku mbili, meno yetu yamekuwa meusi, tukicheka tunatishana. Lakini nyavu sasa zinasimama vizuri, ata samaki wakubwa, mpumbu, zinakamata. Ackson, mudogo ya Davison, anazunguka soko lote anauliza nani mwingine ana ndugu Katanga.

Sasa neno kubwa. Febby amekua. Ni mambo ya bamama, lakini wewe njo yomba wake, kaka ya mama, na kwetu mutoto ni wa yomba kwanza. Tutamuingiza chisungu, unyago wetu wa wasichana, mvua ikikaza, katika nyumba ndogo nyuma ya jiko. Muchungaji amesema kanisani ni mambo ya giza. Muke wake ameniuliza inaanza siku gani. Nachimbusa, yule atakayemufundisha, ni mama Dorica, na unamujua Dorica: kwake mutoto hatoki nyumbani kabla hajanenepa na kujua kila kitu. Akitoka, Goodson wa Mununga anamuoa. Goodson ni kijana mupole. Mama yake njo shida, anapima mutu kwa macho kama anapima samaki. Basi tuma kitenge kizuri, yomba, tusipate haya mbele ya macho yale.

Na mimi nina ulizo. Umeandika kisanduku, umeandika miwani, umeandika namba. Kile kitu cha ndani ya matope kinafanya mutu nini? Hapo hukuandika.

Kingsley anasalimia. Ananiita Bana Febby, mama ya Febby, kama batu bote ba soko. Wewe ukianza kuniita hivyo kama mugeni nitavuka ziwa nikupige.

Yaya wako,
Olipa

*

Kasenga, 18 Desemba 1955

Kwa yaya wangu Olipa,

Nakutumia salamu za Noeli, na kitenge cha buluu chenye ndege, cha mwipwa wangu Febby. Mwambie yomba wake anafurahi, na mama ya Goodson apime ndege mpaka achoke. Mimi niko muzima. Natumaini mvua imewakuta wazima ninyi nyote.

Tumefanya safari ya kwanza ya kupima, mapipa ishirini. Siku ya kwanza hakuna neno. Siku ya pili, kusini ya Kilwa, kisiwa chetu, pale baba alipokuwa anatega na sisi tukitoa maji ndani ya mutumbwi, upepo ulishuka kwa ghafula. Unaujua upepo ule. Pipa la kumi na saba likakata kamba, likavunja ubao wa pembeni, likaingia majini. Mimi nilikuwa nimeshika kisanduku kifuani nalia kwa Mungu.

Upepo ulipokwisha, Bwana Miwani aliniita mbele ya kapiteni. Akasema: "Mwaba, wewe ni mutoto wa ziwa hili. Watu wenu wana njia ya kutoa chini ya maji kitu cha kilo mia nne?" Yaya, kila mutu alikuwa ananiangalia. Nikafikiri, nani atajisumbua kwa ajili ya matope? Nikajibu: "Hapana, Bwana. Hakuna." Akaliandika neno langu katika kaye, kwamba pipa likizama, linabaki chini mpaka mwisho wa dunia, kwa hiyo hata ajali haina hatari kwa watu. Akanipa kalamu nisaini. Jina langu liko katika rapore, yaya! Mwaba, mutoto wa muvuvi. Na kama rapore inakubaliwa nitapata kontra, mukataba wa kazi, ya miaka mitatu.

Ulizo lako nimeliona. Kazi yetu ni kupima, majibu yatakuja mwisho. Ni matope tu, usiwaze sana.

Mudogo wako,
Mwaba

*

Nchelenge, 15 Januari 1956

Mudogo wangu Mwaba,

Kaa chini kwanza. Umekaa? Sisi bote tuko wazima, na tuna habari ya kukuchekesha.

Uliandika "kusini ya Kilwa, pale baba alipokuwa anatega." Halafu uliwahi kuandika "kilo arobaini ya risasi." Unafikiri Davison halali na barua zako? Alizisoma mbili pamoja, akasimama, akaenda kumuita Ackson. Bakafunga mitumbwi miwili kwa miti, bakaenda na kulabu na kamba za nyavu. Siku tatu wanakokota chini, wanapata matope na magogo. Siku ya ine kulabu ikagonga chuma. Kule maji si marefu, unajua. Ackson akazama, akafunga kamba, akatoka, akazama tena. Kisha bakazungusha kamba kwenye muti, banaume sita, polepole, mpaka pipa likaning'inia katikati ya mitumbwi miwili, wakalivuta mpaka ufukoni. Mwambie muzungu wako batu ba ziwa bako na njia.

Risasi imetosha nyavu zetu na za Ackson, ingine imebaki. Pipa Davison analitaka kwa kupikia maganda ya kutia nyavu rangi. Na matope! Davison alitaka kuyamwaga. Dorica akapiga kelele. Alichukua kidogo akayafinya, akasema tangu azaliwe hajaona udongo hivi: hauna jiwe, hauna muzizi, ukikauka haupasuki. Unajua chisungu inataka udongo, ile mifano ya kumufundishia mutoto, kobe, simba, nyoka, jembe, na ukuta wa kupakwa. Miaka yote bamama wanakwenda kuchimba mbali. Mwaka huu udongo umekuja wenyewe na pipa lake.

Febby ameingia Jumamosi ya wiki iliyopita. Ukuta wote tumeupaka, ukipita mukono ni laini kama ngozi. Anafinyanga mwenyewe, mikono miwili mpaka kwenye viwiko, Dorica anamusifu mpaka nimeona haya. Kobe wake ana macho. Jioni wanamupaka uso udongo ule ule, maana ule mweupe wa desturi umekwisha, na anaimba. Nikisimama jikoni ninamusikia. Mwaba, nilikuwa ninaogopa mwaka huu, sijui kwa nini. Sasa siogopi.

Yaya wako mwenye meno meusi,
Olipa

*

Kasenga, 22 Januari 1956

Yaya,

Salamu. Mimi muzima.

Hamukufanya vizuri. Pipa lile ni mali ya serikali, na serikali mbili zinalitafuta, ya huku na ya kwenu. Polisi wa boma watapita kijiji kwa kijiji. Wakikuta hata kipande, Davison atafungwa, na Ackson, na mimi kazi itakwisha. Rudisheni vyote ndani ya ziwa, mbali: risasi, pipa, matope, hata vile vinyago vya udongo. Futeni ukuta. Mumutoe Febby katika nyumba ile leo hii, mumuweke kwingine, na aoge vizuri, sababu polisi wakiona udongo ule kwake mutapata shida.

Leo hii, yaya. Usiniulize maulizo. Kesho tunapanda mashua kwenda Pweto na sijui tutarudi lini.

Mwaba

*

Nchelenge, 12 Februari 1956

Mudogo wangu Mwaba,

Barua yako haikuwa na salamu ya kutosha, nikajua umeogopa kweli. Nasi tuliogopa. Davison hakula siku ile. Lakini poa moyo, tumefanya kazi nzuri.

Davison alitaka kurudisha vyote ziwani. Mimi njo nilikataa. Nilisema: mukionekana na mitumbwi miwili mumebeba pipa, si mutakuwa mumejipeleka wenyewe kwa polisi? Nikawaza usiku mzima. Asubuhi nikapata. Polisi ni mwanaume. Ni mahali gani katika Nchelenge mwanaume hawezi kuingia? Ata Davison, baba ya mutoto, hajakanyaga nyumba ile tangu Jumamosi ya kuingia. Polisi wa boma ni batoto ba bamama, banajua. Akiambiwa mule kuna chisungu, atageuza kofia aende zake.

Basi tulichimba chini ya mukeka wa Febby. Tumeweka matope yote yaliyobaki, na risasi yote. Ata ya kwenye nyavu tumeitoa, Davison amerudia vidongo vyake ananuna. Pipa tumelikata, tumelilaza juu, tumepiga sakafu, mukeka umerudi mahali pake. Febby analala juu ya mali ya serikali kama kuku juu ya mayai. Kumutoa haiwezekani, wewe mwenyewe unajua. Mutoto akitolewa kabla ya siku yake batu watasema ameharibika, na Mununga ni karibu, maneno yangefika kabla ya mutu.

Polisi bado hajaonekana.

Sasa nikuambie lile linaloniumiza. Febby ni mugonjwa. Ilianza na kutapika, wiki mbili zimepita. Tukasema ni chakula. Halafu ufizi ukaanza kutoa damu. Mikono yake, ile ya kufinyanga, imekuwa myekundu, ngozi inatoka kama ameungua. Juzi nilikuwa namusuka na nywele zikabaki mukononi mwangu. Nilizificha asione, lakini aliona. Mutoto anaingia mule anenepe, na huyu amekwisha, shingo yake naizunguka kwa vidole.

Dorica anasema ni moto. Wakati mutoto iko ndani, moto wa mama unapaswa kuwa safi, asilale na bwana yake, asiguse jiko la mutu mwenye kosa. Waliniuliza mbele ya bamama bote. Nilisema sikufanya kitu, na ni kweli, Mwaba, naapa kwa kaburi la mama. Basi wakageuka wakamuangalia yeye. Wanauliza kama alijua mwanaume kabla ya kuingia. Mama ya Goodson alikuja jana, alisimama mulangoni, akapima. Hakukaa ata kunywa maji.

Wewe umesoma. Andika neno lolote. Kama kuna dawa huko kwa bazungu, tuma na Kingsley.

Yaya wako,
Olipa

*

Kasenga, 20 Machi 1956

Kwa yaya wangu Olipa,

Barua yako ya Februari nimeisoma leo. Ilikaa hapa Kasenga zaidi ya mwezi katika mufuko wa Kingsley, kwa sababu mimi nilikuwa Pweto na hakuna aliyejua nitarudi lini. Sina salamu, yaya. Sijui nianzie wapi, nitaanza na kile cha kufanya.

Mutoe Febby mule SASA, kabla hujamaliza kusoma. Hata kama wamesema siku yake bado, hata kama Mununga yote imesimama mulangoni. Muoshe mwili wote, nywele zilizobaki, kucha. Nguo zake zitupwe. Mutu yeyote asilale tena katika nyumba ile, asiguse ukuta, bamama waliofinyanga nao waoshe mikono. Mupelekeni hospitali ya misheni, mumwambie daktari maneno haya: mabaki ya mgodi, yale yanayopimwa kwa kisanduku. Ataelewa.

Hakuna polisi. Hakukuwa na polisi hata siku moja. Nilidanganya.

Uliniuliza kile kitu kinafanya mutu nini, na mimi nilikuwa najua. Bwana Miwani aliniambia siku ya kwanza kabla hajanipa kisanduku. Alisema mutu akipita karibu, hakuna neno. Akikaa nacho, akilala nacho, kinamuingia bila kumugusa, kinaharibu damu yake, nywele zinatoka, ngozi inaungua bila moto. Ndiyo maana ya koti la risasi. Ndiyo maana hatulali karibu na mapipa. Nilijua, yaya, na nikakuandikia "ni matope tu."

Na uliponiandikia mumelitoa, nilikumbuka kalamu ile ya Bwana. Nilikuwa nimesaini kwamba hakuna mutu awezaye kulitoa. Nilifikiri: nikimwambia yaya kweli, Davison atakwenda boma, boma itawauliza wazungu wa huku, watafungua rapore, watakuta jina langu, na kontra itakwisha. Nikafikiri tena, na hili ndilo linaloniua: watu wa kwetu wanaogopa polisi kuliko matope. Nikiwatisha na polisi watatupa kila kitu leo hii. Nilijiona mwenye akili. Kumbe ni mimi niliyemulaza Febby juu yake. Wewe ulichimba shimo, lakini ni mimi niliyekuonyesha mahali.

Tulipita mbele ya Nchelenge tarehe kumi na mbili, tukitoka Pweto. Niliona moshi wa majiko ya samaki. Nilikuwa sijasoma barua yako, nilifikiri mumekwisha kurudisha vyote ndani ya maji. Nilipunga mukono. Kuna mutu mmoja ufukoni alinijibu, sijui alikuwa nani.

Leo nimeingia biro ya Bwana, chumba chake cha kazi, nimemwambia yote. Alifunga mulango. Alivua miwani, akaifuta muda mrefu. Akasema rapore imekwisha kukubaliwa, mashua zinaanza wiki hii, na maneno yale nimeyasaini mimi, si yeye. Akauliza kama nataka kusema mbele ya wakubwa kwamba nilidanganya niliposaini. Nilisema ndiyo. Akasema nifikiri mpaka Jumatatu. Sitangoja Jumatatu. Kisanduku nimekiacha mezani kwake.

Yaya, waite bamama. Msomee Dorica. Moto wako ulikuwa safi. Mutoto ni safi, hajui mwanaume, hana kosa lolote mbele ya Mungu wala mbele ya mama ya Goodson. Waambie mwenye kosa ni yomba wake. Wote wasikie, na Febby asikie kwanza kuliko wote.

Nataka kuja. Kingsley anatoka tena Jumamosi ijayo. Nijibu nije.

Mudogo wako, kama bado unaniita hivyo,
Mwaba

*

Nchelenge, 29 Machi 1956

Kwa Bwana Mwaba, karani, Kasenga

Barua yako imefika tarehe ishirini na ine. Febby alikufa tarehe kumi na saba, siku ya posho, Jumamosi, saa ine ya asubuhi. Yule aliyekujibu ufukoni siku ulipopita alikuwa Ackson. Alikuja mbio jikoni kutuambia, yomba amepita, amepunga mukono, amenenepa. Febby alisikia mule ndani, akauliza kama ulivaa kofia.

Nikuambie alivyokufa, maana wewe njo ulitaka asikie kwanza kuliko bote.

Siku ya kumi ya mwezi walikaa tena, Dorica na bamama bote, na mimi katikati. Walisema ugonjwa hautaki kutoka kwa sababu kosa halijatoka. Kama mutoto ni safi, basi ni mama. Moto wangu njo unamuua. Waliniambia nivue kitambaa cha kichwa niseme. Nilikuwa navua, Mwaba. Nilikuwa tayari kusema nililala na Davison, nilikuwa tayari kusema lolote. Febby akaamka kwenye mukeka, sijui nguvu alitoa wapi, midomo imejaa damu. Akasema: "Muache mama. Ni mimi. Nilikosa." Wakamuuliza na nani. Akafikiri. Mutoto yule hakujua ata jina la kudanganya nalo, akasema mutu mumoja alipita na mashua. Basi wakainuka wakatoka. Walikuwa wamepata walichotaka.

Mama ya Goodson alituma mutu siku ileile kurudisha jembe la posa. Goodson alikuja mwenyewe baadaye, akasimama nje analia, akarudi.

Siku saba Febby aliniomba musamaha. Usiku na muchana, mama unisamehe, nimeharibu chisungu yako. Mimi nilimusamehe. Unasikia? Nilimusamehe kosa ambalo hakufanya, na nilimuamini, mimi mama yake. Kwa sababu ulisema polisi, hukusema sumu. Angekufa labda, wewe umesoma, unajua kuliko mimi. Lakini angekufa akijua ni mugonjwa. Alikufa anafikiri ni muchafu.

Tulimuzika bila kitenge cha ndege, maana ni cha mutoto aliyetoka nyumbani vizuri. Dorica alikikataa. Nimekifunga, ninakurudishia na Kingsley.

Ulisema niwasomee bamama. Nimewasomea mara mbili. Dorica alitazama mikono yake. Ngozi ya vidole vyake imeanza kutoka na sasa anaogopa. Wengine wamesikia mpaka mwisho, wakasema: tumesikia, ni barua nzuri, yomba anamusafisha mwipwa wake, njo kazi ya yomba. Hakuna aliyeamini. Wanasema ni uongo wa upendo. Batu ba zamani wanasema mwenye kuficha ugonjwa, kilio kitamutangaza. Lakini wewe kilio chako kimekuja nyuma ya mazishi, na hakuna aliyegeuka kukisikiliza.

Mimi peke yangu ninaamini kila neno. Njo ile mbaya zaidi.

Nyumba ile tumeiacha. Bamama hawaingii kwa sababu ya kosa, na mimi siingii kwa sababu ya barua yako. Davison aliweka miiba mulangoni, halafu akaenda kukaa kwa Ackson, anavua na vidongo vya kuchoma. Hatuongei sana. Yeye alisoma barua zako mbili akalitafuta pipa, mimi nilikataa asilirudishe ziwani. Kila mumoja ana yake ya kubeba.

Jana mashua yenu ilipita na mapipa. Batoto walikimbia ufukoni kupunga mikono. Niliwapigia kelele warudi, wakacheka, wakafikiri ni huzuni imenipanda kichwani. Ackson alihesabu mapipa arobaini. Usiku, nilipowapelekea chakula, nilimusikia anamuuliza Davison kama yote yamevaa risasi.

Usije. Ukija batu watasema umekuja kuapa kwamba mutoto ni safi, na mimi nitalazimika kukupikia. Usitume dawa, usitume kitu. Kama kazi umeacha, rudi ukaichukue, au usirudi, ni maneno yako na bwana yako. Lakini uende ukamuambie yule muzungu jambo moja, umwambie wewe mwenyewe kwa mudomo wako: uliulizwa kama batu ba ziwa bako na njia, na njia wanayo, na wataitumia tena, kwa sababu hakuna wa kuwaambia ambaye watamuamini.

Ulikuwa unaanza barua zako kwa kuuliza kama tuko wazima. Ile ya mwisho hukuuliza. Ulikuwa unajua.

Bana Febby